Nilienda kliniki ya shabaha ya mbali wikendi nzima Nakasongola, nawaambia kama pesa ilistahili

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sina kiatu wala tochi ya kuwaonyesha, leo nachambua kitu ambacho huwezi kukishika, ni mafunzo. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kulenga shabaha ya mbali kwa bunduki ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi, kwenye ranchi moja ya ng'ombe upande wa Nakasongola, unatoka Kampala na barabara ya Gulu, unapita Luweero, alafu unakata kwenye vumbi. Nililipa milioni moja na laki nane za Uganda, ndani yake kuna risasi, chakula na kitanda, nauli yako mwenyewe. Si pesa ndogo, ndo maana nimekaa hapa niwaeleze vizuri.

Kwanza mjue kwa nini nilienda. Wale wa zamani mnajua kazi yangu, mimi ni mfuata nyayo, natembea na wageni wa uwindaji kule Ankole karibu na Ziwa Mburo, ambako uwindaji wa leseni ulirudi mwaka 2001, na mnyama wetu mkubwa wa kazi pale ni swala pala. Sasa mgeni akipiga vibaya, yeye anarudi kambini kunywa chai, mimi ndo nabaki na damu kwenye nyasi. Mwaka jana nilimfuata pala mmoja aliyepigwa tumboni kutoka saa kumi jioni mpaka giza likatukuta, tukalala, tukaanza tena alfajiri, tukampata bado yuko hai amelala chini ya mti anatutazama. Yale macho sijayasahau. Aliyepiga alipiga mbali kuliko uwezo wake na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake na sikujua namna ya kumwambia mzee hapana, hapo usipige, kwa sababu mimi mwenyewe sikuelewa risasi inafanya nini ikishatoka kwenye mtutu. Basi hilo ndo lilinipeleka.

Tulikuwa kumi na wawili. Kulikuwa na walinzi wawili wa kampuni binafsi, mzee mmoja mwenye ng'ombe, vijana watatu wa Kenya waliovuka Busia, dada mmoja anayeshindana shabaha za karibu akitaka kujaribu za mbali, na wengine. Mwalimu mkuu ni mwanajeshi mstaafu, sote tukamwita Afande, na alifundisha kwa Kiswahili kile cha kambini, kifupi na kilichonyooka, na hapo nampa alama zote maana kila mtu alielewa, wa Arua na wa Mbarara na wa Eldoret. Bunduki zote zilikuwa za waandaaji, zina leseni, za 308, yaani ndo ukubwa wa risasi yake, mbili kati yake Tikka T3x za Finland, na risasi unahesabiwa mkononi moja moja, ukimaliza unarudisha maganda yanahesabiwa tena. Mtu asifikiri ni mahali pa kuingia tu na kufyatua.

Jumamosi asubuhi mpaka saa nne hakuna hata risasi moja iliyolia. Usalama tu. Kila bunduki ihesabu ina risasi, mtutu hauelekei mtu kamwe, kidole nje ya triga mpaka umeshaamua, na ujue nyuma ya shabaha kuna nini. Mlinzi mmoja akaanza kuguna, Afande akamtazama tu, akanyamaza.

Alafu ikaja ile sarafu. Nataka mnielewe hapa maana kwangu hili peke yake lilikuwa kama laki tano ya ile ada. Unalala chini kwa tumbo, bunduki kwenye miguu yake miwili, mfuko mdogo wa mchanga chini ya kitako, haina risasi, imekaguliwa mara mbili. Afande anachukua sarafu ya mia tano, ile yenye korongo taji, anailaza juu ya mtutu kwa mbele. Anakwambia fyatua. Ukivuta triga kwa pupa korongo anaanguka kwenye vumbi. Mimi nilimwangusha mara saba. Mara saba! Na mimi nilijiona najua bunduki. Akaniambia, "Kijana, wewe unaipiga triga kofi, ikande." Ikande, kama unakanda unga wa chapati, polepole, nguvu inaongezeka bila kujua ni saa ngapi itafyatuka. Mara ya nane korongo alikaa. Nikarudia mara ishirini hivi kabla sijaruhusiwa kugusa risasi ya kweli.

Na bado hakuridhika, maana tulipoanza mita 100 matundu yangu yalikuwa yanashuka chini kulia. Akanyamaza, akaanza kunipakilia yeye mwenyewe, mimi sioni anaweka nini. Risasi, bum, sawa. Risasi, bum. Ya tatu nikavuta triga, kimya, na mtutu ukainama chini wenyewe kama mtu anasinzia kanisani. Alikuwa ameweka risasi ya bandia. Yaani mwili wangu ulikuwa unajiandaa kwa teke la bunduki kabla halijaja, na miaka yote nilikuwa nalaumu darubini. Nilikaa kimya pale dakika nzima. Wale mnaobadilisha darubini kila mwaka, tafadhali fanyeni hili zoezi kwanza na mtu mzoefu, kabla hamjatoa pesa.

Sasa hesabu, nitapita haraka. Darubini nyingi za shabaha za mbali zinapimwa kwa mili. Mili moja ni sentimita 10 ukiwa mita 100, ni nusu mita ukiwa mita 500, ni mita moja kamili ukifika 1,000. Kila kliki ya kinobu cha darubini ni sehemu ya kumi ya mili. Basi, ukijua mita huhitaji kuwa profesa. Risasi ya 308 ya gramu kama 11 inatoka mtutuni kwa mita 800 kwa sekunde hivi, lakini inaanguka njia nzima, na ukiwa umeziro mita 100, yaani umeiweka darubini ilingane na risasi kwa umbali huo, ikifika 500 imeshuka zaidi ya mita moja na nusu. Ni urefu wa mtu! Ile picha unayoona kwenye sinema mtu anaweka msalaba kifuani na kufyatua tu, hapana, hapo umepiga udongo mbele ya miguu.

Na hapa kuna lawama yangu ya kwanza na kubwa. Makaratasi tuliyopewa yalikuwa ya Kiingereza, yana inchi na yadi, wakati darubini zetu ni mili na mita. Alafu mbaya zaidi, darubini moja kati ya zile sita, mistari ya ndani ilikuwa ya mili lakini kinobu cha kuzungusha juu kilikuwa cha moa, kipimo kingine kabisa, na mili moja ni kama moa tatu na nusu hivi, kwa hiyo yule mzee wa ng'ombe kila akiona kwenye mistari kwamba yuko chini mili moja, anazungusha kliki kumi akijua amepanda mili moja, kumbe kila kliki pale ni robo ya moa, amepanda moa mbili na nusu tu, haifiki mili moja. Alihangaika mpaka mchana akijiona macho yamezeeka, na mtu wa miaka ile ukimvunja moyo harudi. Waandaaji mnaonisikia, na najua mnanisikia, hiyo darubini itoeni.

Upepo. Jamani upepo. Hapa ndo nilijua sijui kitu. Tulikuwa tumelala kwenye kivuli cha vichaka, nyasi mbele yetu zimetulia kabisa, mwenzangu anaangalia na darubini ya miguu, mimi nalenga sahani ya chuma mita 500. Nikapiga, vumbi likaruka kushoto. Nikapiga tena, kushoto pale pale. Nikamgeukia Afande nikamwambia bunduki imehama. Akanyoosha kidole, hakusema neno. Kule mbali, kulia kwetu, kulikuwa na tanuru la mkaa la wanakijiji, mnajua Nakasongola na mkaa, na moshi wake ulikuwa umelala, unakimbia kutoka kulia kwenda kushoto kama mto. Sisi kwenye kichaka hatuna upepo, risasi ikitoka hapo inaingia uwanda mtupu. Upepo wa mita nne hivi kwa sekunde ukiipata ubavuni, ikifika mita 500 imesukumwa karibu nusu mita. Mili moja. Nikashika mili moja kulia, hewa nusu nje, nikakanda triga.

Alafu unasubiri. Hiki kitu kamera yangu ya simu haikuweza kukishika vizuri, ndo maana nakieleza. Risasi inachukua karibu robo tatu ya sekunde kufika, alafu sauti ya chuma nayo inatembea kurudi kwako, sekunde moja na nusu hivi. Unahesabu moja, mbili, umeshaanza kukata tamaa, ndo unasikia, ting. Laini, kama kengele ya ng'ombe mbali. Yule dada nyuma yangu alipiga makofi na mimi machozi yalinilenga, siwafichi.

Mchana joto likapanda, moshi ukaisha, tukafundishwa mazigazi. Yale mawimbi ya joto unayoyaona barabarani, kwenye darubini yanaonekana yanatiririka. Unarudisha fokasi kidogo kabla ya shabaha, ukiyaona yanalala kulia basi upepo unaenda kulia, yakichemka kwenda juu moja kwa moja kama uji, hakuna upepo wa ubavu, au unakuja usoni au mgongoni. Babu zetu waliyaita mazigazi wakifikiri ni maji jangwani, kumbe ni kipimo cha upepo cha bure kabisa. Hili somo lingechukua siku nzima, walilitengea saa moja na nusu tu, na kipima upepo cha mkononi kilikuwa kimoja kwa watu kumi na wawili. Lawama ya pili hiyo.

Mmoja wa wale vijana wa Kenya akauliza vipi kuhusu dunia kuzunguka, amesikia inapeleka risasi pembeni. Nilifurahi maana hata mimi niliwahi kuulizwa hapa. Sisi tuko digrii moja na kitu tu kaskazini ya ikweta, na karibu na ikweta ule msukumo wa pembeni unakuwa kama haupo. Kinachobaki ni juu na chini ukipiga mashariki au magharibi, na kwa mita 500 ni kama sentimita tatu. Upepo mmoja mdogo unakula hiyo mara kumi. Kinachotuhusu zaidi ni urefu wa nchi yetu, tuko mita 1,000 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo jedwali lililotengenezwa kwa pwani litakufanya upige juu kidogo. Lijaribu mwenyewe kwa risasi zako, andika.

Kuandika, ndiyo. Jumapili saa moja asubuhi, kabla ya chai, mikono imekufa na baridi, kila mtu anapewa risasi moja tu, mita 300, hujapiga nyingine, hakuna kujaribu, mtutu baridi. Moja. Kwa sababu mnyama naye hakupi ya kujaribia. Kati ya kumi na wawili waliopata chuma walikuwa watano. Mimi sikuwa mmoja wao, nilipita pembeni kiganja kimoja. Jana yake mita 500 napiga kama naimba, leo 300 nimekosa! Hapo ndo nilipata nilichokuja kukitafuta. Umbali wangu wa mnyama si ule niliopiga jana yake nikiwa nimeshapasha mwili na mwenzangu ananisomea upepo, ni ule ambao risasi ya kwanza ya asubuhi inaingia kila mara. Kwa sasa kwangu ni mita 200. Na nikisimama na mgeni, nitamuuliza hilo swali moja kabla hatujatoka kambini, risasi yako ya kwanza asubuhi umeipima lini?

Mengine ni madogo. Vizibo vya masikio vya kuazima vilikuwa vimechoka sponji, nunua vyako, 308 si mchezo na sikio halioti tena. Chakula kizuri, posho, maharage na nyama ya kuchoma, ila Jumamosi kilikuja saa tisa. Njoo na shati la mikono mirefu, viwiko vitachubuka.

Mlinzi unayebeba AK kila siku getini, hii kliki na mili haitakusaidia kazini, lakini ile sarafu na risasi ya bandia zitakusaidia sana, muulize mwalimu wako wa kampuni akufanyie, haihitaji milioni mbili. Wawindaji na wafuata nyayo wenzangu, nyie nendeni, ila kabla hujalipa piga simu uulize vitu viwili, walimu wangapi kwa watu wangapi, na darubini zote ni mili kwa mili? Wakisitasita, subiri awamu nyingine. Mimi narudi mwezi wa pili nikipata pesa.

Daftari langu hili hapa, nalisogeza muone, samahani kwa vumbi. Mstari wa juu kabisa: Jumapili, saa moja na dakika kumi, mita 300, upepo kidogo kutoka kushoto, nimekosa kulia sentimita 9. Chini yake nimeacha mistari kumi na tano mitupu, kila asubuhi nikipata nafasi ya renji nitapiga moja, naandika, nafunga bunduki.