Kituo kilichonipima nguvu kabla ya ajira: nyota 3 kati ya 5

Mwaka wa sita huu napakia na kupakua mizigo ghalani. Mwajiri mpya niliyemwomba kazi hakunidai cheti chochote. Alinitumia karatasi ya ukurasa mmoja: nenda kituo fulani ukapimwe uwezo wa mwili, ukifaulu lete majibu. Haikusema nitapimwa nini wala nivae nini. Mwenye zamu ya kesho asiingie gizani kama nilivyoingia mimi, ndiyo maana naandika.

Mapokezi yao ni mazuri. Kabla hujagusa mzigo wanakupima shinikizo la damu, na maswali ya moyo, mgongo, magoti na ujauzito unayajibu mwenyewe ukiwa peke yako chumbani. Mkanda wa kuhesabu mapigo ya moyo nilifungwa kifuani na mwanamke mwenzangu, na sikulazimika kuomba.

Tulianza na kipima mshiko. Ni chuma chenye mpini wa kubana, na mpini huo una nafasi 5, ili mwenye kiganja kidogo na mwenye kiganja kikubwa kila mmoja apate panapomfaa. Aliyenitangulia alikuwa mwanamume wa mikono mipana, nami nikapewa chuma vilevile alivyokiacha. Zilizofika kwenye mpini ni ncha za vidole tu. Nilibana mpaka mkono ukatetemeka, sindano ikagota kilo 22. Nikamwambia mpimaji, “Kaka, hiki mbona kikubwa kwa mkono wangu?” Akakitazama, akasogeza mpini ndani, akaniambia, “Haya dada, bana tena.” Sindano ikapanda mpaka 31. Mkono uleule! Alifuta namba ya kwanza bila ubishi, namshukuru. Lakini angekuwa mtu mwenye haya, ile 22 ndiyo ingekwenda kwa mwajiri na jina lake juu yake. Ukifika, hakikisha umerekebishiwa mpini kwanza.

Kunyanyua ndiko kulikokipa kituo hiki nyota zake. Unachukua kreti sakafuni, unaiinua hadi kiunoni, unatembea nayo, unaipandisha kwenye rafu ya usawa wa bega. Wanaanza na kilo 10, kisha wanaongeza tano tano. Mpimaji hakutazama uzito peke yake. Aliinama pembeni yangu akiangalia magoti yanavyokunjwa, mgongo umesimama vipi, kreti iko karibu na tumbo au imening’inia mbele. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye nguvu sana, alisimamishwa kwa sababu alikuwa akinyanyua huku amejipinda kiuno. Hiyo ndiyo kazi yetu yenyewe, na hapo ndipo watu wanapoumia. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inaanzia kikomo cha kilo 23 kwa mzigo ulio karibu na mwili, usionyanyuliwa kutoka chini wala kwa kujipinda. Hali ikiwa mbaya zaidi, kikomo kinashuka. Mpimaji aliyeinama hivyo anaijua kazi yake.

Halafu wakatukimbiza.

Mistari 2, mita 20 kati yake, na spika inayotoa mlio. Lazima uvuke mstari kabla ya mlio unaofuata, na kila dakika milio inakaribiana. Ni kipimo kizuri cha pumzi, hilo silipingi. Ila ghalani hakuna anayekimbia. Anayekimbia anakemewa, maana foklifti zinapita! Dada mmoja aliyenyanyua kreti vizuri kuliko sisi sote, mgongo umetulia kana kwamba amebeba mtoto, aliachwa na mlio ngazi moja chini ya kiwango. Karatasi yake ikaandikwa “hakufaulu”. Nilipouliza kiwango hicho kimetoka wapi, mpimaji akasema kimeletwa na mwajiri. Na mwajiri amekitoa wapi? Hakuna aliyeweza kunijibu.

Jambo hili lilikwisha kufika mahakamani. Tawney Meiorin alikuwa mzima moto wa misitu huko British Columbia, Kanada, na kazi yake aliifanya vizuri kwa miaka 3. Likaletwa sharti jipya la kukimbia kilomita 2.5 kwa dakika 11. Alijaribu mara 4, na mara aliyokimbia vizuri zaidi alichelewa sekunde 49.4. Akapoteza kazi. Tarehe 9 Septemba 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua arudishwe, kwa kuwa serikali haikuweza kuonyesha kwamba mzima moto asiyefikisha muda huo hawezi kuifanya kazi hiyo kwa usalama na ufanisi. Kituo kinachopokea malipo ya kupima watu kingemuuliza mwajiri swali hilohilo kabla ya kuwasha spika. Nyota 2 nilizozuia zinangoja hapo.

Mimi nilifaulu, naanza kazi Jumatatu. Nendeni na viatu visivyoteleza, fulana isiyobana mabega, na msile mkashiba kabla ya zile mbio. Yule dada nimemwandikia habari za kesi hiyo, naye ameandika barua ya kuomba apimwe upya kwa kunyanyua na kubeba. Wakimkubalia nitarudi hapa niongeze nyota.