Kulala kwenye treni ya TAZARA, Dar hadi Mbeya: uzoefu wangu

Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma Julai 2024, ndugu na marafiki wananiuliza swali lile lile: nataka kutoka Dar na familia, tulale njiani usiku mmoja tu, nipande treni ipi? Jibu langu halijabadilika. Panda TAZARA, treni ya reli ya Tanzania na Zambia, shukia Mbeya, na siku ya kuondoka uichague kwa kuangalia giza litakukuta wapi.

SGR, hiyo treni ya umeme, nimeipanda na naipenda, lakini ule ni usafiri wa kuwahi. Dar hadi Dodoma ni chini ya saa nne, na umekaa kwenye kiti. Kigoma kwa reli ya kati ni safari tamu, ila ni zaidi ya kilomita 1,200. Usiku mmoja hautoshi, na mwenye likizo fupi ataimalizia njiani. Mbeya ndiyo kipimo chake: unaondoka mchana, unalala, kesho yake mchana umefika.

Hata hivyo, mimi sikuichagua kwa hesabu hizo. Niliichagua kwa ajili ya mama.

Desemba 2021 mama alikuja Dar kutoka Mbeya kwa basi. Jina la kampuni naliacha. Mama ana goti bovu, hawezi kuchuchumaa na kuinuka bila kushika kitu. Aliyewahi kusafiri njia ile anajua mambo ya kuchimba dawa: basi linasimama porini, wanaume huku, wanawake kule, dakika chache tu, honi. Mara ya kwanza alijitahidi, honi ikalia hata hajainuka. Baada ya hapo akaamua kutokunywa kitu. Nilipompokea stendi ya Mbezi Luis usiku, midomo ilikuwa imekauka na miguu imevimba hadi viatu amevibeba mkononi. Aliniambia maneno machache tu: "Baba, sijanywa maji tangu asubuhi."

Nikajisemea moyoni, huyu harudi kwa basi.

Alikaa kwetu hadi Juni, shule zilipofungwa, tukapanga kumrudisha sote: mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miaka saba na mama. Nilikwenda kukata tiketi stesheni yenyewe, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela. Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita, la tatu ni viti. Wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, isipokuwa mkichukua chumba kizima. Sisi tulikuwa wanne, nikalipia chumba chote cha daraja la kwanza. Nasema wazi: kama mko wanne na mnaweza, fanyeni hivyo. Mlango ukishafungwa, mko nyumbani.

Siku ndiyo ilinipa mawazo. Wakati huo kulikuwa na treni mbili kwa wiki. Ya Ijumaa alasiri, Mukuba, ndiyo iliyokuwa ya haraka, na wengi waliikimbilia hiyo. Ya Jumanne, Kilimanjaro, ilisimama stesheni nyingi zaidi lakini iliondoka mchana, mapema kuliko Mukuba kwa muda wa saa mbili hivi. Nikachukua ya Jumanne. Reli inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokuwa sehemu ya Selous hadi 2019, na mwezi Juni jua huzama mapema. Saa mbili hizo ndizo zinazoamua kama utamwona twiga au utaona kioo cheusi chenye sura yako.

Tulimwona. Jua lilikuwa limeshuka, rangi ya chungwa, treni inakwenda polepole, na twiga watatu wamesimama karibu na reli kiasi kwamba nilimwona mmoja akitafuna, taya linakwenda upande mmoja kisha upande mwingine. Mtoto alinyamaza kabisa. Baadaye kabla giza halijaingia tukaona swala pala, kundi zima, na ngiri wakikimbia mikia juu.

Mama alikuwa kwenye kitanda cha chini, miguu ameinyoosha juu ya mto, kanga imemfunika magoti. Hilo tu lilitosha kunirudishia pesa yangu. Choo kiko mwisho wa behewa, hatua chache, na kuna pa kushika njia nzima. Akaenda na kurudi mwenyewe. Nikamwona anafungua chupa ya maji, anakunywa, anaiweka, baada ya muda anakunywa tena.

Chakula cha usiku kililetwa chumbani, wali na kuku; ukitaka kutembea, behewa la chakula lipo. Ifakara tulifika usiku, akina mama wakawa wanapita chini ya madirisha na tochi, ndizi na mchele vichwani. Hiyo ni nchi ya mpunga. Mke wangu alinunua mchele dirishani akiwa amesimama kitandani.

Sasa niseme nilichokosa. Kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ndiyo sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko zote, madaraja na mahandaki yanafuatana, na sisi tulipita usingizini. Ukichagua wanyama jioni, mlima unauachia usiku. Niliamka mara moja tu, sauti ya treni ilipobadilika ghafla ikawa nzito, tuko ndani ya handaki. Mama naye alikuwa macho. Akaanza kunieleza, gizani, jinsi walivyokuwa wasichana reli ilipofika kwao, wakienda kuwaangalia Wachina na vijana wa Kitanzania wakifanya kazi. Ujenzi ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Nimesoma hayo shuleni, lakini kuyasikia kwa mama, juu ya reli ile ile, ni kitu kingine.

Makambako kulikucha na baridi ya kweli, ukungu umelala kwenye mashamba ya viazi. Blanketi hupewi la ziada kirahisi, kwa hiyo mliotoka Dar na fulana bebeni masweta. Bebeni pia karatasi ya chooni, maji ya kutosha na dawa ya mbu kwa ajili ya bonde la Kilombero. Usiku treni ikisimama, fungeni dirisha na mlikaze. Mizigo isikae karibu nalo. Na msipange harusi wala usaili siku ile ile ya kufika: reli ni moja, treni hupishana stesheni, na inayosubiri husubiri. Siku za kuondoka nazo zimekuwa zikibadilika, hivyo ulizeni stesheni kama treni ipo na ni siku gani kabla hamjaomba likizo kazini.

Mbeya stesheni iko Iyunga, nje kidogo ya mji. Bajaji zipo mlangoni, patana bei kabla mizigo haijaingia.

Desemba iliyofuata mama alitaka kuja tena kwa sikukuu. Nilimwambia nitamtumia nauli ya ndege. Akakataa. Akapanda treni Iyunga na binti wa dada yangu, safari hii daraja la pili, chumba cha wanawake watupu, vitanda sita. Treni zilizotoka Zambia zilikuwa zikipita Mbeya mchana, kwa hiyo hifadhi ziliipita kumekucha.

Nilimpokea stesheni siku ya pili. Alishuka ngazi taratibu, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika chupa ya maji iliyobaki robo. Viatu vilikuwa miguuni. Kabla hata ya shikamoo yangu akasema, "Baba, leo asubuhi tembo nimewaona."