Zahanati ya Malindi inayochunguza uvimbe kabla ya kutoa dawa

Mtu anapozukiwa ghafla na uvimbe chini ya ngozi, anachohitaji kwanza ni kuchunguzwa kwa makini kabla ya kupewa dawa au kupasuliwa, na hilo ndilo linalonifanya niisifu zahanati moja ya binafsi iliyoko Barabara ya Lamu hapa Malindi. Nilimpeleka huko mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, alipoamka na donge kinenani. Duka moja la dawa lilikuwa limeshamuuzia vidonge bila hata kulitazama.

Tabibu, kijana mwenye adabu, alimwamkia, "Shikamoo mzee," kisha akamuuliza donge lilianza lini, kama linauma, na kama amepata homa, jasho la usiku au kupungua mwili. Alimwambia asimame akohoe, kwa kuwa ngiri hutokeza mtu anapokohoa na mara nyingi hurudi ndani anapolala chali. Halikutokeza. Alilibonyeza taratibu kwa ncha za vidole, likateleza kidogo, na mjomba akakunja uso. Hapo ndipo alipomwomba avue makubadhi, akavitenganisha vidole vya mguu kimoja kimoja, na kati ya viwili vya mwisho likaonekana jeraha la mwamba, kingo zake nyeupe, lenye usaha. Ulikuwa mtoki: tezi za kinenani hupokea majimaji yanayopanda kutoka mguuni, hivyo jeraha dogo huko chini laweza kuzivimbisha. Na kwa kuwa pwani yetu ina matende na busha, yanayoletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, aliuliza pia kama uvimbe wa namna hiyo umewahi kumrudia pamoja na homa.

Maelezo yake yalitufaa sana. Alisema donge laini linalosogea na lisilouma mara nyingi ni la mafuta tu. Jipu huwa na joto na maumivu, wala halifai kukamuliwa nyumbani. Damu huvilia baada ya mtu kugongwa. Na tezi za shingo huvimba kwa sababu ya jino bovu, koo, au kifua kikuu. Linalomtia wasiwasi zaidi ni donge gumu lisilosogea, linaloendelea kukua au kudumu kwa wiki kadhaa, au lililo kwenye titi au juu ya mtulinga, hata kama haliumi, kwani huenda likawa saratani. Ngiri iliyokwama, inayouma na kuleta matapishi, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Kasoro zipo. Chumba cha uchunguzi kimetengwa na foleni kwa pazia tu, jambo lisilofaa kwa mgonjwa anayevua nguo, na maswali ya tabibu yalisikika hadi kwenye mabenchi. Hawana mashine ya ultrasaundi, kwa hiyo anayehitaji picha au kutolewa sampuli kwa sindano huandikiwa barua ya kwenda kwingine.

Mjomba alisafishwa jeraha, akapewa dawa inayolingana nalo, na ukubwa wa donge ukapimwa kwa utepe na kuandikwa kwenye kadi. Aliporudi lilipimwa tena, likaonekana limenywea, na siku hiyo hakutozwa chochote.