Wayfarers: visome vyote 4, na kwa mpangilio

Wayfarers ni mfululizo wa riwaya za angani, nami nimezisoma zote kwenye simu hapa Kisumu, kuanzia The Long Way to a Small, Angry Planet (2014) hadi The Galaxy, and the Ground Within (2021). Mwandishi ni Becky Chambers. Anayetaka vita vya angani asinunue. Wayfarer, ya kitabu cha kwanza, ni meli ya kibarua, inatoboa njia za mkato angani, na kurasa nyingi ni watu mezani wakila wadudu na kubishana. Mla kumbikumbi wa Kakamega hatashtuka.

Wengi hukwamia kwenye majina. Wafanyakazi ni 9 ukihesabu Lovey, kompyuta ya meli, na wote hutambulishwa haraka. Andika kikaratasi: jina, aina ya kiumbe, kazi. Baada ya sura chache hutakihitaji. Ohan, mwelekezi, ana kirusi ubongoni na hujihesabu kuwa wawili, kwa hiyo ukiona "wao" usitafute mtu wa pili.

Maharamia wa kitabu cha kwanza ndio walionishika. Ni viumbe waitwao Akarak, wana bunduki, na nahodha ameshapigwa. Rosemary, karani mgeni, anajua Hanto, lugha wanayoielewa. Anawauliza wanahitaji nini hasa, kisha wanavutana kama Kibuye siku ya soko, mpaka wanachukua sehemu ya shehena na kuondoka. Tukio tamu, lakini Akarak wenyewe wanabaki wezi tu. Dosari hiyo hairekebishwi mpaka cha 4, tunapoelezwa kwa kina jinsi Waharmagian, viumbe wengine, walivyoitawala sayari yao wakaiharibu.

Hicho cha 4 ndicho bora. Fikiria Salgaa, kituo cha malori, ila wasafiri ni wa sayari tofauti, satelaiti zimeporomoka na hakuna anayeondoka. Mmoja wao, Speaker, ni Akarak. Mtoto wa mwenye kituo hajachagua jinsia, kwa hiyo Kiingereza cha kitabu humwita "xe". Kichwani mwangu ilikuwa "a-" tu, nikasonga mbele.

Cha 2 kinaanza pale cha kwanza kinapoishia na kinafichua yaliyompata Lovey, kwa hiyo usikitangulize. Cha 3 kinakwenda polepole mno. Mwisho wa cha kwanza nao umeharakishwa: Watoremi, ambao safari nzima ni kwa ajili yao, hawapewi nafasi ya kutosha.

Ukifika cha 4, soma taratibu pale wageni wanapoambiwa jibini ni nini. Mursik, maziwa ya kuchachushwa, wasingeiweza.