TAHADHARI: Kadi za sauti za "7.1" za laptopu zinazouzwa Instagram

Wenzangu mnaorekodi podikasti, kaswida au kwaya kwa laptopu, kaeni macho. Kuna muuzaji anazunguka Instagram na magrupu ya WhatsApp, anasema yuko Kariakoo, anauza "kadi ya sauti ya studio, 7.1, 24-bit" kwa Sh 140,000. Duka hana. Unatuma hela kwanza na ya kutolea juu, mzigo unakuja kwa boda au basi, ukilalamika anakubloki.

Mimi ni fundi, na wateja wameshaniletea hizo kadi. Nilifungua moja. Boksi la chuma, zito kweli, kumbe uzito ni kipande cha bati kilichobandikwa ndani kwa gundi. Saketi yenyewe ni ileile ya vile vidude vya USB vya elfu chache vinavyopangwa barabarani, yenye chipu ya C-Media. C-Media hawana kosa, ni kampuni ya Taiwan na chipu yao inatosha kabisa kwa kikao cha Zoom. Wizi uko kwenye bei na maandishi ya boksi.

Hesabu matundu kabla ya yote. Tundu moja la 3.5 mm hubeba chaneli mbili, kushoto na kulia. 7.1 ni chaneli nane, basi yanatakiwa matundu manne ya kutolea sauti. Hii inalo moja, na la maiki ambalo ni mono (chaneli moja tu). Hizo sita zilizobaki zinatokea wapi? Ukiingia mipangilio ya sauti ya Windows, orodha ya ubora wa sauti inagota kwenye 16-bit, 48000 Hz, wala haifiki hiyo 24-bit ya kwenye boksi. Wenye maiki za kondensa zinazotaka volti 48 ndio wanaumia zaidi, maana hapo hakuna umeme huo.

Wenye laptopu za zamani nao anawauzia kadi za PCMCIA (zile za kuchomeka ubavuni mwa laptopu), eti zinaingia kwenye ExpressCard, nafasi ya aina iliyokuja baadaye. Upana wa 54 mm unadanganya macho, ila PCMCIA ina pini 68 na ExpressCard 26. Ukilazimisha, unaharibu nafasi yenyewe ya laptopu.

Jina la ukurasa hubadilika, picha ni zilezile. Mwambie utalipa ukishaijaribu kwenye mashine yako, uone kama atajibu. Aliyekwisha kutuma hela apigie mtandao wake sasa hivi kabla hazijatolewa, na namba ya huyo jamaa airipoti kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.