Mbegu za kabichi ya Kichina za kupimiwa kwa kijiko: yaliyonikuta

Nilisema nitulie kwanza, hasira ziishe, ndipo niandike. Wiki zimepita na hazijaisha, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mvua za masika zilikuwa zinaelekea ukingoni nilipoingia duka moja la pembejeo hapa Arusha kutafuta mbegu za kabichi ya Kichina. Nilimweleza kijana wa dukani bila kumung'unya maneno: sitaki chainizi ya kuchuma majani, hiyo ninayo uani. Nataka ile ndefu inayofunga kichwa, yenye majani yaliyokunjamana, nyeupe ukiikata katikati. Akasema ipo. Kopo lililofungwa lilikuwa la gramu 25. Sasa gramu moja ya mbegu hizi ina punje kama 300. Mtu mwenye matuta mawili nyuma ya jiko atazipeleka wapi punje zaidi ya 7,000? Kijana akasema, "Mama usihangaike, nakupimia." Akavuta kopo jingine lililokwisha kufunguliwa, akachota kwa kijiko cha chai, akakunja kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Nikalipa.

Kuota ziliota vizuri mno, hilo sitamnyima mtu haki yake. Wiki haikuisha, kila kikombe kilikuwa na mche. Nilisia kwenye vikombe vya magazeti kwa sababu kabichi hii haipendi kuguswa mizizi; ukiing'oa kitaluni kama sukuma wiki inadumaa, na ikidumaa haifungi tena. Nikahamisha na udongo wake, mche hadi mche sentimita 40, samadi iliyooza sawasawa, maji bila kuruka siku. Maji yakiyumbayumba, ncha za majani ya ndani huungua zikawa kahawia, kwa kuwa chokaa ya udongoni haifiki juu. Asubuhi nilikuwa nageuza majani kutafuta viwavi vya kijani vya nondo wa kabichi, naviondoa kwa mkono. Bustani ile niliilea.

Majani yalipoongezeka nikaanza kuona jambo. Mche mmoja una majani mapana, ya kijani hafifu, yamekunjamana, ukipitisha kidole unahisi vinyweleo, na uti wa katikati ni mweupe, mpana, bapa. Unaoufuata kwenye tuta lile lile una majani laini yanayong'aa, kijani kibichi, kikonyo chembamba cha mviringo, hakuna unyweleo hata mmoja. Nikapita tuta lote na la pili. Zaidi ya nusu walikuwa hao wa majani laini. Na kabla wenzao hawajaanza hata kukunja jani la kwanza, hao walikwisha kurefuka na kutoa maua ya njano.

Niling'oa mmoja wa kila aina na mizizi yake, nikaifunga kwenye gazeti nikaenda nayo dukani. Nilikwenda kwa amani kabisa. Nilitaka aone, labda atoe lile kopo kwenye meza wengine wasiuziwe. Hakuitazama. Nawaambia, hakuinamisha hata macho. Alikuwa anahesabu chenji ya mteja mwingine, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, hiyo ni maji. Kulima siyo kumwagilia ukikumbuka." Waliokuwa pale wakacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, shika hili jani, shika na hili, uone." Akasema basi ni baridi, na kama nataka kabichi sokoni zimejaa.

Maji! Miche imesimama tuta moja, imekunywa maji mamoja, samadi moja, jua moja. Mmoja unafunga, jirani yake anatoa maua. Maji yalichagua nani wa kumnyima? Na hiyo baridi sikatai kwamba ipo. Miche michanga ya kabichi hii ikipigwa na baridi kali siku nyingi hukimbilia kutoa maua badala ya kufunga, hata wakulima wakubwa hupata hasara hiyo, na usiku wa Juni Arusha si wa mchezo. Lakini baridi haibadilishi umbo la jani. Baridi haipanguzi vinyweleo wala haigeuzi uti bapa ukawa kikonyo cha mviringo. Niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa chainizi, na mtoto wa darasa la tatu anayetumwa mboga angeijua.

Nitasema na la kumtetea. Huenda si yeye aliyechanganya. Chainizi na kabichi ya Kichina ni ndugu wa damu, walio karibu na tanipu kuliko hata na kabichi yetu ya kawaida. Zikitoa maua karibu karibu, nyuki huzichanganya bila shida, na mbegu itakayopatikana haitakuwa hii wala ile. Kosa linaweza kuwa lilianzia shambani kwa mzalishaji. Ndiyo sababu hata mimi siwezi kujitunzia mbegu, labda majirani wote wang'oe chainizi zao. Ni lazima ninunue. Na punje zenyewe ukizimwaga kiganjani ni vidonge vidogo vya kahawia iliyoiva, kabichi, chainizi, haradali, zote zinafanana. Mnunuzi hana anachokiona. Ana neno la muuzaji tu. Nchi ina Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na ina TOSCI, taasisi ya serikali pale Morogoro, ya kusimamia ubora wa mbegu. Karatasi ya daftari haina lebo ya mtu yeyote.

Niliwaza kuandika kwamba zao hili halifai bustani ya nyumbani. Nimebadili mawazo. Ile michache iliyokuwa ya kweli ilifunga, na kufunga kwake nilikuwa nakwenda kukutazama asubuhi kabla sijaweka chai jikoni. Majani ya ndani yanasimama, yanakumbatiana, ukibonyeza kwa kiganja unahisi limejaa. Kabichi la kwanza nililipima dukani kwa mangi, likapita kilo moja na nusu. Tulilikata mbichi na ndimu na chumvi, ule weupe unavunjika kwa mlio, una utamu ambao kabichi ya kawaida haina. Nusu iliyobaki tukaikaanga haraka na tangawizi na kitunguu saumu. Watoto waliomaliza sahani ni wale wale wanaosukuma mboga pembeni. Pandeni, jamani. Kwa maeneo ya baridi kama Lushoto, Njombe au huku kwetu, hakuna mboga iliyonipa furaha kama hii.

Na duka? Mbolea nimenunua pale miaka, sikuwahi kulalamika, dawa zao hazijapita muda. Nilitaka kusema nendeni, ila mbegu tu msinunue. Lakini nikikumbuka kile kicheko, nikikumbuka mche wangu umelala juu ya meza na mtu anahesabu chenji, naona hapana, msiende kabisa. Mbegu mbaya ni hasara ya msimu mmoja, naivumilia. Kuambiwa mbele ya watu kwamba mimi ndiye mvivu, na ushahidi nimeushika mkononi, hilo sivumilii.

Majirani tumechangishana tukanunua kopo lililofungwa, lenye lebo ya TOSCI, duka jingine kabisa, tukagawana. Mama wa duka hilo alitushauri mwenyewe tusisie zote kwa mkupuo, bali kidogo kila wiki mbili, kabichi zisiive siku moja. Miche imetoka juzi. Ni midogo bado, hauwezi kujua. Nikiona jani laini linalong'aa hata moja, nitarudi hapa kuandika, na safari hii nitakwenda Morogoro na miche yangu niliyoing'oa.