Sony, Canon, Fuji na Lumix kwenye rangi za video: sura moja, dirisha moja, kamera nne

Wakuu, hii nimeichelewesha makusudi, nilitaka kwanza nikae na hizi kamera vya kutosha, siyo unashika kamera nusu saa halafu unakuja kutoa hukumu. Nimeshuti na Sony A7 IV, Canon R6 Mark II, Fujifilm X-H2S na Panasonic Lumix S5 II. Zote ni mirolesi (kamera za lenzi za kubadilisha zisizo na kioo cha ndani), zote zinaweza kurekodi 4K ya biti 10 ndani kwa ndani, na ukimuuliza yeyote anayezimiliki atakwambia yake ni nzuri, na kweli ni nzuri. Ila mimi swali langu lilikuwa moja tu: ngozi ya mtu inatokaje kwenye video, na nahangaika kiasi gani mpaka itoke hivyo. Ukali wa picha siku hizi karibu kila kamera inao, kinachotofautiana ni rangi, na hapo ndo wengi tunaacha setingi kama zilivyotoka kiwandani au tunakopi za mtu bila kujua zinafanya nini.

Jaribio lenyewe ni la kawaida. Mtu mmoja mweusi tii, shati jeupe, kakaa ubavuni mwa dirisha, nusu ya uso inapigwa na mwanga nusu iko kivulini. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, waiti balansi (ile setingi inayoamua picha iwe ya joto au ya baridi) nimeifunga kwenye Kelvin 5600 kwa zote nne. Shati jeupe karibu na ngozi nyeusi ni mtihani mgumu kuliko watu wanavyodhani, maana kamera ikiachiwa iamue yenyewe inalihurumia shati na kuuzamisha uso.

Kabla sijaingia kwenye kamera moja moja, naomba niseme kuhusu biti maana bila hili mengine yote hayaeleweki. Biti 8 inakupa ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 inakupa 1024. Ukishuti kwa profaili ya kawaida, yaani rangi inayotoka tayari kwenye kamera, biti 8 inakutosha kabisa, video nyingi unazoangalia kila siku ni biti 8 na hujawahi kulalamika. Shida inaanza ukiweka logi, ile profaili inayotoa picha iliyofifia makusudi ili ibebe mwanga na kivuli kingi, rangi unairudisha mwenyewe kwenye kompyuta. Chukua S-Log3, logi ya Sony, kutoka kijivu cha kati, ile asilimia 18, mpaka nyeupe ya asilimia 90, ambapo ndo sehemu zenye mwanga za uso zinakaa, kwenye biti 10 unapata ngazi 178, kwenye biti 8 zinabaki 44 hivi. Ngazi 44 halafu unakuja kwenye kompyuta unazivuta kontrasti irudi, lazima zitengane. Mimi nilijifunza hili kwa maumivu, miaka ya nyuma nilishuti kazi ya mtu jioni kwa logi na kamera ya biti 8, anga la nyuma yake lilikuwa zuri ajabu kwenye skrini ya kamera, nilipoanza kugredi, yaani kurekebisha rangi, likawa mistari mistari kama ngazi za nyumba kutoka chungwa kwenda bluu, nikajaribu kulainisha nikajaribu kuongeza chengachenga, wapi, nikaishia kuitoa ile klipu ambayo ndo ilikuwa bora kuliko zote. Kwa hiyo mwenye Sony A7 III au kamera nyingine ya biti 8, nakuomba, achana na S-Log3 kwenye kazi za watu, tumia profaili za HLG3 au Cine4 zilizomo humo humo, utapoteza kidogo kwenye mwanga mkali lakini ngozi itabaki ngozi.

Sasa A7 IV. Hii ilitoka 2021 na kilichonivuta ni S-Cinetone, iko kwenye PP11 (PP ni picture profile, namba ya profaili kwenye menyu ya Sony), ni profaili ambayo Sony waliitengeneza wakifuata rangi za kamera yao ya sinema ya Venice. Sony za zamani zilisemwa sana kwamba ngozi inaenda unjano wenye ukijani, na waliosema hawakuwa waongo. Hapa ni habari nyingine. Nimeangalia paji la uso la yule jamaa nikiwa nimezoom mpaka mia mbili kwenye kompyuta: kwa profaili ya kawaida ule mng'ao wa dirisha kwenye paji ulikuwa na ukingo, yaani unaona kabisa ngozi inaishia hapa na kipande cheupe kinaanzia hapa. Kwa S-Cinetone mng'ao unapanda taratibu, kahawia, kahawia iliyowaka, halafu nyeupe, hakuna mahali unaweza kuweka kidole ukasema imekatika hapa. Hicho ndo kitu tunakilipia jamani. Upande wa kivuli nao ulibaki na rangi, siyo weusi wa mkaa.

Kasoro ya S-Cinetone ni kwamba haina nafasi kubwa ya kukosea, ukiunguza shati limeungua na halirudi, na ukija kuivuta sana kwenye programu ya kuediti inaanza kulalamika. Weka zebra, ile mistari inayotokea kwenye skrini palipozidi mwanga, iangalie, tulia. Kama dirisha lina jua kali na unataka kinachoonekana nje nacho kibaki, hapo ndo uende PP8, S-Log3 na S-Gamut3.Cine (uwanja wa rangi unaoenda nayo), ila ujue ISO yake, yaani kiwango cha kamera kupokea mwanga, msingi wake ni 800. Na hapa watu wengi wanakwama, kwa sababu kwenye jua la saa sita ukiwa na shata 1/50 na f/2.8 kwa ISO 100 unahitaji kukata mwanga stopu 6 (kila stopu inapunguza mwanga nusu), yaani filta ya ND64, kile kioo cheusi cha mbele ya lenzi, lakini kwa ISO 800 unahitaji stopu 9, yaani ND512. Filta za ND za kuzungusha nyingi hazifiki huko salama, zinaanza kukuwekea ule msalaba mweusi katikati ya fremu na rangi inageuka, halafu mtu anaenda kulaumu rangi za Sony wakati kosa liko kwenye kioo alichokiweka mbele ya lenzi.

Kingine kwenye S-Log3, usiishuti kwa ekspoza ile ile ya kawaida, iongeze stopu moja mpaka moja na nusu, hasa kwa ngozi nyeusi. Logi inabeba noizi nyingi sehemu za giza, na ngozi nyeusi inakaa chini kwenye mizani kuliko ngozi nyeupe, kwa hiyo ukishuti kama vitabu vinavyosema uso wa mtu wako unaangukia humo humo kwenye noizi. Ongeza mwanga ukiwa unashuti, punguza ukiwa unaediti, ngozi inatoka safi. Mafunzo mengi ya ekspoza yanafundishwa kwa kutumia nyuso nyeupe na hili huwa hawalisemi kabisa, linaniuma kwa kweli maana ni watu wetu ndo wanatoka wa kijivu kwenye video.

Canon R6 Mark II. Rangi za Canon zimesifiwa miaka na miaka na sina haja ya kubishana na hilo, ngozi inatoka na wekundu fulani wa uhai, mtu anaonekana ana afya. Lakini kuna jambo unatakiwa ulijue kabla hujanunua: hii kamera biti 10 inakupa ukiwasha Canon Log 3 (C-Log3, logi ya Canon) au HDR PQ (ya skrini za HDR) tu. Ukishuti kwa picha stailo za kawaida, Neutral, Standard, Faithful, unarekodi biti 8. Kwa hiyo ule mpango wa kati, biti 10 yenye rangi iliyo tayari, ambao kwangu ndo mpango mzuri kuliko yote, hapa haupo. Ama uchukue biti 8 na rangi tamu ya Canon, ama uingie logi moja kwa moja. Bahati nzuri C-Log3 siyo korofi, haijabanwa sana kama S-Log3 na ukiiwekea LUT (faili la kugeuza rangi) ya Canon wenyewe inarudi ilipotakiwa bila vita. Nilichofanya kwenye Neutral ni kushusha kontrasti hatua mbili na saturesheni hatua moja, basi, kwenye lile dirisha ilitoka vizuri isipokuwa upande wa kivuli ulienda wekundu kuliko nilivyopenda, masikio yalionekana kama ana homa. Kwa upande wa 4K60 ndo inaipita A7 IV, Canon inakupa upana wote wa sensa, Sony inakropu mpaka Super 35, yaani inatumia kipande cha katikati cha sensa tu. Na fokasi yake, sina la kusema, inamkamata mtu na haimwachii.

Fuji X-H2S, hii naipenda kwa moyo, niseme wazi. Fuji wana Eterna, profaili yao ya rangi za sinema, ilianza na X-H1 mwaka 2018, na kizuri ni kwamba unairekodi kwa biti 10, hapa ndani mpaka 4:2:2 (inayobeba taarifa nyingi zaidi za rangi) na ProRes (faili lisilobanwa sana) ukitaka. Ndo ule mpango wa kati ninaousema. Eterna ina rangi zilizotulia, shado laini, haipigi kelele. Niliweka hailaiti kwenye kutoa moja, shado kwenye kutoa moja, rangi kuongeza moja, sikugusa kingine. Baadaye nikamwonyesha yule jamaa klipu zote nne kama zilivyotoka kwenye kadi, bila kumwambia ipi ya kamera ipi, akagusa skrini kwenye hii ya Eterna akasema "hapa ndo mimi mwenyewe kaka, hizo zingine mmenipaka kitu". Nikamuuliza kitu gani, akasema hajui, ila kitu kipo. Nimelifikiria sana hilo jibu.

Ila Fuji ina yake. Sensa ni APS-C, ndogo kuliko za hizi zingine, kwa hiyo ukishafika ISO za juu noizi inaingia mapema kuliko hizi zingine tatu, F-Log2, logi ya Fuji, yenyewe inaanzia ISO 1250 kwa hiyo habari ya ND ndo inazidi kuwa ngumu, na fokasi ya video kwa macho yangu iko nyuma ya Sony na Canon, mtu akigeuza uso kidogo inasita halafu inarudi. Kwa mahojiano ya mtu aliyekaa haina shida. Kwa mtu anayetembea kuja kwako, fanya mazoezi ya fokasi ya mkono.

Nimeiacha S5 II mwisho kwa sababu ndo ilinibadilisha mawazo. Lumix za nyuma, kuanzia GH5 ya 2017 iliyokuwa na biti 10 4:2:2 wakati wengine bado wako biti 8, zilikuwa kamera za video hasa, ila fokasi yake ilikuwa inapumua, inaenda mbele inarudi nyuma kwenye ukuta wa nyuma ya mtu, na wengi waliikimbia kwa hilo tu. S5 II ya 2023 ndo Lumix ya kwanza kuwekewa fokasi ya phase detect (inayojua moja kwa moja isogee upande gani) na lile tatizo kwa sehemu kubwa limekwisha. Ina feni ndani, unashuti mahojiano marefu bila kuogopa joto, na ina weivufomu, mchoro wa kuonyesha mwanga uko kiasi gani kila sehemu ya picha, kwenye skrini yake yenyewe, kitu ambacho A7 IV haina, na kwa mtu anayejali ekspoza ya ngozi weivufomu ni jicho la pili. Unaona uso uko asilimia ngapi, hubahatishi.

Lakini kikubwa ni LUT ya moja kwa moja. Unatengeneza rangi yako kwenye kompyuta, unaiweka kwenye kadi, unaiingiza kwenye kamera, kisha unashuti V-Log, logi ya Panasonic, huku kamera inaichoma ile LUT kwenye faili yenyewe kwa biti 10. Hebu fikiria maana yake. Mimi nilikaa jioni mbili natengeneza LUT moja kwa ajili ya ngozi nyeusi kwenye mwanga wa dirisha, nikashusha majenta kidogo kwenye shado, nikatoa unjano kwenye katikati, nikalainisha hailaiti, na sasa ile rangi ni setingi ndani ya kamera yangu. Na siku nikitaka usalama zaidi naiacha kama ya kuangalizia tu, faili linabaki V-Log safi. V-Log yake ina ISO mbili za asili, 640 na 4000, ukiwa kwenye giza ruka moja kwa moja uende 4000, usikae kwenye 3200 ukidhani unapunguza noizi, 4000 inatoka safi kuliko 3200.

Kwa zote nne waiti balansi ya otomatiki izime, tafadhali. Wingu likipita kamera inabadilisha rangi katikati ya klipu, uso unaanza wa joto unaishia wa baridi, na kurekebisha kitu kinachobadilika fremu kwa fremu ni adhabu. Pia biti 10 4:2:2 ya H.265 inaweza kuigandisha kompyuta ya zamani, tengeneza proksi, nakala nyepesi za klipu za kueditia, kabla hujaanza kukata.

Kama unashuti leo na kukabidhi leo leo, A7 IV na S-Cinetone au Fuji na Eterna. Kama unahitaji slomo na fokasi isiyokosea, R6 Mark II, ukubali kuingia C-Log3. Mimi nimebaki na S5 II, kwenye setingi zake za kuhifadhi, C1 nimeweka V-Log na LUT yangu ya dirishani imechomwa kabisa, C2 V-Log tupu ISO 640, C3 V-Log ISO 4000 kwa usiku, zote Kelvin imefungwa na shata 1/50. Na sasa hivi niko kwenye LUT ya pili, naisogeza kidogo kidogo kuelekea ile klipu ya Eterna, kwenye mashavu nimeshaikaribia, kivuli cha chini ya kidevu ndo bado.